Uzi Mmoja wa Siwema

Hapo zamani, redio zikiwa bado zinafunikwa vitambaa vya kufuma, kule Muheza kulikuwa na bendi mbili zisizopikika chungu kimoja: Mwangaza na Nyota Njema. Kila mwaka zilishindana. Wimbo ulioshinda ulipewa jina la mtu mmoja, yule aliyeuwezesha kupigwa. Mmoja tu, msiniulize kwa nini! Jina hilo likaimbwa mpaka na wajukuu.

Mwangaza walikuwa wameshindwa hadi wamezoea. "Tukishindwa na leo, tunavunja bendi," kiongozi akasema. Siwema moyo ukamlipuka. Yeye alipiga gitaa la kulaza, lile lenye miguu kama meza na pedali chini yake. Ukikanyaga, uzi unavutwa, sauti inalia mpaka mwili unasisimka. Bila bendi angelipigia wapi?

Basi mchana wa shindano, alipokuwa akilijaribu, uzi mwembamba ukakatika, ta! Akafunga uzi wa gitaa la kawaida, akakanyaga, ta! Akafunga mwingine, ta! Nyuzi zikaisha madukani. Siwema akalia bila kujificha.

Akapita Mhina, muuza maziwa, na baiskeli yake. Alipoambiwa kisa, akachomoa waya wa breki, akaufumua, akatoa uzi mmoja wa chuma.

"Na kwako ni mlimani, kaka! Utashukaje bila breki?"

"Nitaikokota. Wewe piga."

Siwema akafunga, akakanyaga. Lahaula! Waya ukachomoka, maana mwishoni haukuwa na kitu cha kuunasa. Hapo shangazi yake, Bi Chausiku, akavua hereni ya fedha, ukumbusho pekee wa marehemu mama yake. Akaikata kwa koleo, akapata kipete, akausokota waya humo.

"Shangazi, hapana!"

"Nyamaza. Mama angenielewa." Lakini machozi yalimlenga.

Waya ukanasa. Ila kila pedali ikikanyagwa ulilalamika, umebaki kidogo ukatike. Ndipo akaingia Shekiondo, mpiga gitaa wa Nyota Njema, kwa kuwa desturi iliwataka wapinzani wapeane mikono kabla ya kupanda jukwaani. Akasikiliza. Angenyamaza tu, ushindi ungekuwa wake.

"Siwema, unaukaza mno. Legeza nyuzi zote, sauti ya gitaa zima ishuke, waimbaji wakufuate. Waya utahimili."

Akashusha. Weee! Jioni ile gitaa lilitoa sauti nzito, tamu, ambayo Muheza haijawahi kuisikia. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakasimama, hata Nyota Njema walicheza wakajisahau. Mwangaza wakashinda! Siwema akabebwa juujuu, anacheka na kulia kwa pamoja.

Akawekwa chini mbele ya kipaza sauti ataje jina.

"Bila waya wangu mngefunga nini?" akauliza Mhina.

"Na bila hereni yangu huo waya ungenasa wapi?" akasema Bi Chausiku, akigusa sikio lililobaki tupu.

Shekiondo akasogea. "Nyie mmetoa vitu. Mimi nimetoa ushindi wangu, na wenzangu hawanisemeshi."

Kiongozi naye akamnong'oneza Siwema, "Taja lako, mwanangu. Vidole ni vyako."

Siwema akawatazama wote, akafungua kinywa.

Haya, nyie mliokaa hapa mkitikisa vichwa: je, wimbo ule ulistahili jina la nani?