Nani Ampe Jina Mtoto wa Sekela?

Sikilizeni kisa hiki, kisha mnisaidie, maana mimi kimenishinda.

Sista Tumpe, nesi wa wodi ya watoto njiti, alijua kufundisha hadi mkono mzito ukawa mwepesi. Ambokile, fundi viatu wa Tukuyu, alijaliwa utulivu. Angeweza kukaa mahali pamoja kutwa asichoke. Na jirani yake Mama Lusajo alikuwa na sauti na miguu ya kutosha mtaa mzima.

Sekela, mke wa Ambokile, alikuwa na hofu. Mwanawe alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, akakaa wodini wiki saba, chini ya mashine iliyolia kila alipokosa pumzi. Waliporuhusiwa, ndugu walipiga vigelegele. Sekela alitamani kurudi ndani. Nyumbani hakukuwa na mashine. Palikuwa na baridi, dirisha lililofungwa, na kifua kidogo kuliko kiganja, ambacho hakuthubutu kukiondolea macho.

"Wodini niliomba tutoke," alimwambia mumewe. "Tumetoka, na sasa ndiyo nimefungwa."

Sista Tumpe alikuwa ameliona hilo mapema. Kabla hawajaruhusiwa, alikuja siku yake ya mapumziko na mwanasesere mkononi. "Akisahau kupumua, msugue mgongo, mpige kwa kidole kwenye nyayo. Haya, fanya nione." Sekela alirudia mpaka mikono ikazoea.

Ambokile naye alifunga kibanda chake. Akavua shati, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa kanga. "Kalale, mama. Leo mashine ni mimi." Sekela akalala saa tatu mfululizo.

Mama Lusajo aliweka kigoda mlangoni. Aliyekohoa hakuvuka, hata dada yake mwenyewe. "Utamwona akianza shule!"

Siku ya tisa, mchana wa mvua, Ambokile alihisi kifua kile kimetulia juu ya chake.

"Sekela! Hapumui!"

Sekela akasugua mgongo, akapiga nyayo. Kimya. Akapiga tena. Mara ya tatu mtoto akalia, ila midomo ilibaki ya bluu. Mama Lusajo alikwishatoka mbio, pekupeku, akasimama katikati ya barabara mpaka lori la chai likafunga breki. "Hospitali, baba, nakuomba!"

"Mngechelewa kidogo tu, tungempoteza," daktari alisema.

Mtoto sasa ana miezi minne na mashavu. Babu yake, aliyekuwa atoe jina, amesema: "Aliyemwokoa ndiye ampe jina. Sekela, mtaje mmoja."

Wote watatu wako sebuleni, wanamtazama. Bila Sista Tumpe, mikono ya Sekela ingeganda. Bila Ambokile, nani angejua pumzi imekatika? Bila Mama Lusajo, wangefika lini? Akimtaja mmoja, anawavunja moyo wawili.

Enyi mnaosikiliza, mngekuwa Sekela, mngemtaja nani?