Madoa Mawili Juu ya Mtulinga

Saa nane na robo mchana, tarehe kumi na tisa Januari, mashine ya hospitali moja mjini Novi Sad ilimaliza kuupiga picha mwili wa Vidosava Lazić, mwalimu wa hesabu. Katika picha hiyo yalionekana madoa mawili yanayong'aa juu ya mtulinga wake wa kushoto, mfupa ulio kati ya shingo na bega.

Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu uvimbe wa saratani uondolewe katika titi lake la kulia. Baada ya kisu zilifuata dawa zilizomnyonyoa nywele, kisha mionzi. Sasa nywele zilikuwa zimeota tena, nyeupe na za mawimbi, naye alikuwa amerudi darasani. Kipimo hiki kilikuwa cha kuhakikisha tu. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mnururisho kidogo, na sehemu ya mwili inayoila sukari hiyo kwa pupa hung'aa pichani. Saratani ni mlafi wa sukari. Vidosava aliyajua hayo kama alivyojua jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo Daktari Arsić alipomwita siku chache baadaye na kumpa habari ya madoa, hakuhitaji maelezo.

"Imerudi," alisema.

"Sijasema imerudi, Mwalimu. Nimesema kuna madoa mawili, na sijui ni nini."

"Kama hujui, kata utazame."

"Hapo ni shingoni. Mishipa imejaa kama mizizi ya mti. Sikati nisichokijua. Tutapiga picha ya pili mwezi ujao."

"Mwezi ujao! Ungekuwa wewe, ungelala?"

Daktari Arsić, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alivua miwani. "Nisingelala," alikiri. "Lakini nisingejikata pia."

Tangu siku hiyo hofu ilimganda Vidosava kama ruba. Kikohozi kilichotokana na moshi wa jiko la kuni kilikuwa saratani ya mapafu. Nyonga iliyouma kwa sababu alilala vibaya ilikuwa saratani ya mifupa. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini aliwafundisha watoto wa watu wasiandike jibu kabla ya kukokotoa, sasa aliandika jibu lile lile chini ya kila swali. Mumewe, Miladin, nahodha wa tishali la mizigo katika mto Danubi, alikuwa mbali huko Austria na shehena ya ngano. Alipopiga simu, Vidosava alimwambia kwamba kila kitu kilikuwa shwari, kisha akakata simu na kufungua sanduku la vitambaa vya meza alivyovitarizi tangu usichana wake. Akaanza kuvigawa mafungu.

Persida, dada wa mumewe, alimkuta katika kazi hiyo. Alikuwa ameleta sufuria ya kabichi chachu iliyoviringishiwa nyama.

"He, wifi! Umefungua duka?"

"Chagua unachotaka. Hicho cha maua mekundu nimekuwekea wewe."

"Cha maua mekundu? Miaka ishirini nakililia unaninyima, leo unanipa kwa kuwa umeshaamua kufa? Sikitaki. Nipe siku utakayokuwa na akili zako."

"Persida, usinifanyie mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Wewe ukifa, kaka yangu atalishwa na nani? Nimlishe mimi? Yule anakula kama trekta!"

Vidosava aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho. Persida aliketi sakafuni kando yake, katikati ya vitambaa, akamwacha alie mpaka kabichi ikapoa. Kisha akasema, "Kesho tunarudi kwa huyo daktari wako, wewe na mimi. Kama ni kulia, tukalie mbele ya anayelipwa."

Kesho yake Daktari Arsić aliwapokea bila kulalamika. Kwa kuwa hakuwa na jipya la kusema, alirudi kwenye maswali ya kawaida. Siku ya kipimo, je, Mwalimu alifuata masharti?

"Yote," alijibu Vidosava. "Sikula tangu jioni. Mkesha wa sikukuu tunafunga hata hivyo."

"Na mazoezi? Hukufanya kazi ya nguvu?"

"Sikufanya."

"Hakufanya," Persida alidakia. "Aliogelea Danubi tu."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Aliogelea wapi?"

"Danubi. Tarehe kumi na tisa, Daktari, Sikukuu ya Ubatizo! Kasisi alitupa msalaba majini, wao wakaufuata. Wanaume arobaini na mwendawazimu mmoja, huyu hapa. Kandokando ya maji kulikuwa na barafu. Halafu nikampeleka hospitali kwa gari langu, nywele zimelowa, na hita haifanyi kazi tangu kaka yangu alipoitengeneza."

"Mwalimu," daktari alisema taratibu, "nilikuuliza kuhusu mazoezi."

Vidosava alikaza uso. "Yale hayakuwa mazoezi. Ilikuwa ibada."

Hakuwa akidanganya. Wakati wa zile dawa kali, siku aliyookota nywele zake juu ya mto, aliweka nadhiri: akiifikia Januari akiwa na nguvu, ataingia mtoni pamoja na wanaoufuata msalaba. Aliifikia, akaingia. Katika akili yake mazoezi yalikuwa mambo ya uwanjani, na nadhiri ilikuwa deni kwa Mungu. Havikukaa kwenye mstari mmoja.

Daktari Arsić hakumkaripia. Aligeuza kioo cha kompyuta ili wote watatu waone. Ndipo Vidosava alipouona mwili wake kwa mara ya kwanza, kutoka utosini hadi mapajani, umeelea gizani. Ubongo uling'aa kama kandili. Moyo ulikuwa pete ya mwanga. Figo mbili zilikaa pembeni kama makaa chini ya majivu. Na pale shingoni, upande wa kushoto, ndiyo yale madoa.

"Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri," alisema daktari. "Kwa hiyo huzaliwa na mafuta ya rangi ya kahawia, shingoni na mgongoni, ambayo kazi yake ni kuchoma sukari ili apate joto. Baadhi ya watu wazima hubaki nayo. Wakipigwa na baridi kali, mafuta hayo huwaka. Kwa kawaida huwaka pande zote mbili, ndiyo maana sikuyafikiria. Lakini upande wako wa kulia ulipigwa mionzi. Huenda kule yamekufa."

Vidosava hakubandua macho kwenye kioo. Kumbe pale alipodhani yuko peke yake ndani ya maji yale, kulikuwa na kitu kilichomtangulia. Kimekaa kimya shingoni mwake tangu alipokuwa kichanga, hakikumwomba ruhusa wala shukrani. "Yaani niliingia kwenye barafu," alinong'ona, "nacho kikaniwashia moto?"

"Huenda," daktari alirudia. "Inaweza kuwa mafuta. Inaweza kuwa saratani. Jibu ninalo la kubahatisha tu, na wewe humpi mtoto alama kwa kubahatisha."

Siku zilizobaki Vidosava hakupata usingizi wa kutosha, lakini vitambaa alivirudisha sandukuni, na Miladin alipopiga simu alimwambia ukweli wote. Upande wa pili injini ilinguruma. "Nakuja," alisema Miladin. Ndivyo siku ya kipimo cha pili ilivyomkuta ameketi kwenye benchi la hospitali kando ya dada yake, ametanua mabega, kofia mapajani.

Safari hii Vidosava aliwekwa katika chumba chenye joto, akafunikwa mablanketi matatu, akapewa kidonge cha kuyatuliza mafuta yale, ndipo akadungwa sukari. Alilala akisikiliza mapigo ya moyo wake mwenyewe, akiustaajabia kama mtu anayesikia hatua za jirani aliyeishi naye miaka mingi bila kuonana.

Daktari Arsić aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Ubongo uleule, moyo uleule, figo zilezile. Juu ya mtulinga wa kushoto palikuwa na giza tupu. Daktari alipakuza, akapazungusha, akatazama tena kutoka mgongoni.

"Hakuna kitu," alisema. "Yalikuwa mafuta."

Miladin alifunika uso kwa kofia. Persida alipiga ishara ya msalaba mara tatu, akamgeukia wifi yake. "Na kile cha maua mekundu?"

"Bado sijafa," alijibu Vidosava. "Husubiri kwanza?"

Walipokuwa wakisimama kuondoka, daktari alifungua kalenda. "Tutaonana tena Agosti kwa kipimo cha kawaida."

Vidosava, aliyekuwa ameshika komeo la mlango, alisimama ghafla, rangi ikamtoka usoni.

"Nini tena?" aliuliza Persida.

"Hakuna. Nimeshtuka tu."

Hakuna aliyemcheka. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.