Lebo ya Ubuyu wa Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Toeni ndimi nizione!
— Hizi hapa!
— Za rangi gani?
— Nyekundu!

Haya, zirudisheni. Nimeshajua nani kala ubuyu kabla ya chakula, na mama zenu nitawaambia. Sasa tulieni, maana na hadithi yenyewe ni ya ubuyu.

Hapo kale wanyama walikuwa na soko lao kando ya mto, na kigogo wa soko hilo alikuwa Kiboko. Kiboko aliuza ubuyu. Si ule mweupe unaotoka kwenye buyu lake, wake ulikuwa mwekundu wa kuwaita watoto toka mbali. Kila asubuhi alikoroga pipa lake, kwata kwata, kwata kwata, huku akiimba:

"Ubuyu, ubuyu wangu,
rangi yake rozela,
maua ya bustanini,
kula, mwanangu, kula."

Sheria ya soko ilikuwepo. Ilisema kila chakula kiwe na lebo, na lebo itaje kila kilichotiwa ndani, hata rangi. Kiboko akaandika lebo yake: UBUYU, SUKARI, ROZELA. Twiga, mkaguzi wa soko, akainama, akaisoma, akaigonga muhuri, pa! Basi, kazi ikawa imekwisha.

Siku moja Mama Sange akaamka na kilio. Sange mnamjua, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu ya kupekulia majani. Mwanawe wa pekee, Kijino, alikuwa amejikunja, tumbo linamkata, ulimi mwekundu. Siku ya tatu hiyo mtoto hali kitu. Sange aliogopa, aliogopa kweli. Akaunusa ulimi wa mwanawe, akainusa na pakiti ya ubuyu. Hii si rozela, akasema pua ikimtetemeka. Hii ni rangi ya kuchovyea ukindu, ile ya mikeka.

Mbio mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Ubuyu wako una rangi gani?"

"Soma lebo."

Mbio mpaka kwa Twiga.

"Shikamoo, Mzee Twiga."

"Marahaba."

"Ubuyu wa Kiboko una rangi ya mikeka."

"Lebo inasema rozela."

"Lebo inadanganya, mzee. Mwanangu anaumwa."

"Pole, Mama Kijino. Lakini mimi kazi yangu kusoma, si kuonja. Lebo ikishagongwa muhuri, anayeweza kuikana ni aliyeiandika."

"Yeye tu?"

"Yeye tu, tena mbele ya soko zima."

Sange akaondoka. Hakulia tena. Alikuwa na hasira, na hasira ya Sange inajua kufikiri.

Siku ya gulio, soko limefurika, akaja na rafiki yake Mnana, yule ndege fundi wa kusuka. Wakasimama mbele ya Kiboko.

"Mzee," akasema Sange, "mwenzangu huyu amepewa kazi ya kusuka mikeka ya harusi kwa Tembo. Anatafuta rangi nyekundu. Mwenye nayo atapewa bonde zima la majani mabichi, ale mpaka achoke mwenyewe."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Rangi ninayo."

"Lakini yako si rozela?" akauliza Mnana. "Rozela ikiguswa na maji inatoka. Twende zetu, shoga."

Wakapiga hatua moja.

"Ngojeni."

"Ni rozela, mzee. Lebo imesema."

"Lebo ni karatasi tu."

Wakapiga hatua ya pili.

"Ngojeni kwanza."

"Ni maua, mzee. Umeimba mwenyewe."

"Wimbo ni wimbo tu."

Wakapiga hatua ya tatu. Kiboko akaliona bonde zima linaondoka zake. Akapanua lile domo lake, soko zima likasikia:

"Rozela gani, nyie! Hii ni rangi ya mikeka, ya mikeka hasa! Fueni mara saba, haitoki!"

Twiga akashusha shingo polepole, akachukua pakiti moja. "Mwenye lebo ameikana," akasema, akaichana, chwaa!

Kila mzazi akalikumbuka tumbo la mwanawe. Wakamsukuma Kiboko, wakamsukuma tena, tumbwi, ndani ya pipa lake mwenyewe. Akatoka mwekundu toka masikioni mpaka mkiani, akakimbilia mtoni, chubwi! Akajisugua, kwaru kwaru. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili haikutoka. Mara ya saba haikutoka, kama alivyosema mwenyewe. Mpaka leo yumo mtoni anajisugua, na akipanda nchi kavu jasho lake linatoka jekundu. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo lebo moja ya kweli aliyopata kuivaa.

Na Kijino? Ubuyu ule ulimtoka, akapewa maji, akapewa uji mwepesi, na siku ya pili akaomba aongezewe. Sange alifurahi mpaka akacheza peke yake jikoni. Soko likampigia vigelegele, likampandisha juu ya kichwa cha Twiga, na toka siku hiyo Twiga anasoma, Sange ananusa, ndipo muhuri unagongwa.

Sasa funzo, maana bila funzo mtasema bibi kawapotezea muda. Kiboko alidanganya mwaka mzima, hakuguswa na mtu. Akasema kweli siku moja tu, akatiwa pipani. Kwa hiyo, wajukuu zangu, muwe waangalifu sana na kusema kweli. Kuna madhara kwa afya.

Hadithi yangu inakomea hapa. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, someni lebo: imetengenezwa na bibi yenu, na rangi nimeongeza kidogo.