Saa ya Vita ya Bwana Semkiwa

Mniwie radhi, kisa hiki nakiharibu kila nikisimulia, maana nacheka kabla ya wakati wake.

Shebughe, mlinzi wa ghala pale Korogwe, alikuwa ameonywa kwamba akichelewa lindo mara moja tena, kazi hana. Akaenda kwa Bwana Semkiwa, muuza mitumba ambaye tumbo lake na mdomo wake vilishindana kwa ukubwa, akaulizia saa ya kijeshi iliyokatika mkanda.

"Hii ni mishahara yako miwili, fukara wewe!" Semkiwa alifoka mbele ya wateja. "Imetoka vitani! Itumbukize majini, ikanyage, ikisimama chukua bure!"

"Kweli, mkubwa?"

"Si nimesema mbele za watu?"

Shebughe akaitumbukiza kwenye ndoo. Ikaendelea kutembea. Akaikanyaga kwa buti. Bado inatembea.

"Umeumbuka, kapuku! Lete saa yangu!"

Shebughe akaifuta taratibu kwa shati lake, akaikabidhi kwa mikono miwili. Semkiwa akaiweka sikioni, uso ukamshuka. Akaitikisa. Akaigonga mezani. Kimya. Wateja wakaangua kicheko.

"Potea nayo, mkosi wewe!"

Kesho yake Semkiwa akamkuta langoni mwa ghala, saa kaifunga kwa kamba ya kiatu, inatembea vizuri kabisa.

"Nani kakutengenezea?"

"Hakuna, mkubwa. Kosa ni langu. Nilipokuwa naifuta nilivuta hiki kitufe cha kurekebishia majira, na saa hizi kikivutwa tu zinasimama. Sasa mimi na usahaulifu wangu, nimekuja kukumbuka kukirudisha nimeshakata kona."