Ufunguo Juu ya Cherehani

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, ni zamani ambayo vumbi lake bado liko kwenye viatu vyenu, katikati ya mji wa Mkongeni palikuwa na Mtaa wa Cherehani. Sogeeni mnisikilize, kisha mnijibu, maana jambo hili limenikaa kooni.

Katika mtaa huo fundi mmoja alikata, mwingine akashona, mwingine akatia vifungo, mwingine akapiga pasi. Mteja aliingia na kitambaa mwanzo wa mtaa, akatokea mwisho wa mtaa amevaa. Kereke-kereke, cherehani zililia tangu asubuhi, na mtaa ulikuwa hai.

Ndipo Diwani Mbwilo akahamisha stendi ya mabasi. Aliipeleka nje ya mji, kwenye mashamba ambayo, tazama bahati, yalikuwa ya shemeji yake. Abiria wakaenda huko. Wateja wakawafuata abiria. Mkataji akawafuata wateja, mpiga pasi akamfuata mkataji. Milango ikafungwa, mtaro ukaziba, maji machafu yakatanda njiani, na mtaa ukanyamaza.

Akabaki Bi Sikudhani, fundi mjane. Kila asubuhi alitoa cherehani yake kibarazani, akakaa, akakanyaga pedali. Kitambaa hana. Uzi hana. Alishona hewa. Kereke-kereke, kereke-kereke.

"Bi Sikudhani, leo unawashonea majini?" walimcheka wapita njia huku wameziba pua.

"Namshonea atakayekuja," alijibu. "Akija akakuta kimya, atajua tumekufa."

Sauti ile ikamfikia Lugendo, fundi viatu, ambaye naye alikuwa amehamia stendi mpya. Alipita siku moja, akaisikia, ikamchoma. Akarudi na koleo. Akashuka mtaroni, tope hadi mapajani, akachimba, akazoa, kesho akashuka tena. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemshukuru. Miguu ikaota vidonda, na hata leo anachechemea. Lakini maji yalipata njia, harufu ikaondoka. Mtaa ukawa safi na mtupu, kama sahani iliyooshwa katika nyumba yenye njaa.

Akaja Zawena, binti aliyekaribia kuolewa. Shangazi zake walitaka sare za harusi zinunuliwe dukani, huko stendi mpya.

"Kule mtaani kumeoza," alisema shangazi mkubwa. "Unataka tusimame mbele ya wakwe na matambara?"

"Zikiharibika, shangazi, atakayechekwa ni bibi harusi. Nyinyi mtakula pilau yenu kama kawaida."

Akabeba majora ya vitenge, akayatua mbele ya Bi Sikudhani. Harusi nzima akaiweka juu ya cherehani moja.

Kazi ikamzidi Bi Sikudhani. Mkataji akaitwa, akarudi. Mpiga pasi akaitwa, akarudi. Siku ya harusi sare zikapita mjini zikimeremeta, na kila mwanamke akauliza, "Jamani, mmeshona wapi?" Haukupita muda, mtaa ukajaa. Zawena mwenyewe akaanza kuuza vitenge pale pale, juu ya mkeka. Kereke-kereke, kutoka kila mlango.

Na sasa nishikeni, nisije nikatukana.

Diwani Mbwilo akaja na utepe wa kukata. Mkasi hakuleta; aliazima kwa mafundi! Akasimama akasema, "Ndugu zangu, tumeufufua mtaa wetu!"

Tumeufufua! Yeye na nani?

Akaendelea. Mtaa utapendezeshwa. Vigae vitatandazwa, maua yatapandwa, kodi itapanda pamoja na maua. Mafundi watafute pengine. "Lakini sisi hatuna roho mbaya. Fremu moja ya duka, ile ya pembeni, tutampa bure maisha yake yote yule aliyeufufua mtaa. Nitajieni ni nani kabla sijaondoka. Mkishindwa, mimi ninaye wa kumpa."

Nyuma yake alisimama shemeji, na kufuli jipya mkononi.

Diwani akauweka ufunguo wa fremu hiyo juu ya meza ya cherehani ya Bi Sikudhani.

"Ni wangu," alisema Bi Sikudhani. "Nyote mlikimbia. Ningekimbia na mimi, mngerudi wapi?"

"Mama, hukubaki kwa ushujaa," alisema Lugendo. "Ulibaki kwa kuwa huna pa kwenda. Na cherehani yako ililia mpaka ikachoka, hakuja hata mteja wa kifungo. Mimi ndiye niliyefungua njia. Nitazameni miguu! Nikiambiwa nihame, nitahama kwa hii?"

"Na mtaro ule nani aliuziba?" alidakia Zawena. "Si vipande vyako vya soli, kaka Lugendo, miaka nenda rudi? Ulizoa taka zako mwenyewe! Mlio upo, usafi upo, mteja hayupo: huo ni mtaa au makaburi? Niliyeleta watu ni mimi, na aibu ingekuwa yangu peke yangu."

"Mwanangu," alisema Bi Sikudhani polepole, "ulikuja kwangu kwa sababu kule kulikuwa ghali. Ungekuwa na uwezo, ungeniona?"



Diwani akacheka hadi tumbo likatikisika. "Mnasahau mtu mmoja. Nisingeuua mimi huu mtaa, nyinyi mngefufua nini?"

Wallahi alisema hivyo, na shemeji akapiga makofi.

Kisha akaingia garini, dereva akawasha injini. Bi Sikudhani hakujua aiweke wapi miguu yake yenye hasira, akaiweka ilipozoea. Akakanyaga pedali. Kereke-kereke. Meza ikatetemeka, ufunguo ukaanza kucheza, ukisogea, ukisogea, kuelekea ukingoni. Watatu wale wakautazama, wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Msiniambie wagawane, fremu ile haipokei cherehani mbili. Msiniambie waukatae, kufuli la shemeji liko wazi linasubiri. Gari linanguruma, ufunguo unaanguka. Semeni nyinyi mlioketi hapa: aliyekataa mtaa usife, aliyeuosha kwa miguu yake, na aliyeuamini kwa harusi yake, je, nani alistahili kuudaka?