Jembe la Kuuza

Jembe la kuuza, lima nalo.

Ndivyo mlivyosikia jana uwanjani, na ndivyo ilivyo, msiniongezee neno. Kanisius huyu amepata habari kwamba timu kubwa ya mjini inamtaka, akamwendea mwalimu wenu kumwomba asimpange mechi ya Jumapili, asije akaumia kabla hajauzwa. Mwalimu akamjibu kwa methali hiyo, akageuka, akaenda zake. Sasa mmenijazia baraza la duka mkitaka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni. Ila atakayecheka nitamfukuza, maana haikuanza kwa kicheko. Ilianzia humu humu dukani, kwa marehemu mume wangu, Longinus Hyera.

Wakati huo Longinus alikuwa mwenyekiti wa Mapambano, timu yetu hii hii ya Litembela, ilipokuwa daraja la kwanza. Msitoe macho, tulikuwa huko. Timu haikuwa na mfadhili. Iliishi kama mkulima anavyoishi, kwa kuuza mavuno. Dirisha la usajili likifunguliwa tunamtoa kijana mmoja kwenda timu kubwa, na kwa huyo mmoja wenzake wanakula, wanasafiri, wanatibiwa. Kisha tunalea mwingine.

Zamu ikamfikia Osmundi, mwana wa Tasiana, mjane wa kule mlimani. Jamani, kijana yule! Asubuhi alikuwa shambani na mama yake, jioni yuko uwanjani, na akipata mpira pembeni kushoto watu walisimama kabla hajafanya kitu chochote. Mama yake hakuwa na habari na mpira. Alitaka mwanawe akasomee useremala. Longinus alipanda mlima mwenyewe, akakalishwa kwenye kigoda, akamwambia, "Mama Osmundi, niachie huyu kijana. Nitamfikisha timu kubwa. Nisipomfikisha, unidai mimi."

Tasiana akasema, "Haya, baba. Nimekuachia. Mtunze kama wako."

Longinus alishuka mlima akiwa na furaha kama aliyepewa mtoto wa kiume. Sisi Mungu hakutujalia mtoto, hilo mnalijua. Kwa hiyo msije mkasema mume wangu hakumpenda Osmundi. Alimpenda mno, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Sasa muelewe alikuwa mtu wa namna gani. Tazameni juu kwenye boriti. Majembe mapya hayo, yamepakwa mafuta, yamefungwa karatasi. Longinus hakutaka yaguswe. Mteja akijaribu makali kwa kidole anakaripiwa: "Mali ya kuuza haichezewi!" Na hapo mbele ya duka, kila Jumamosi, gulio. Wanawake wanauza majembe yao yaliyokwisha kutumika, na desturi yetu mnaijua, jembe la namna hiyo haliletwi gulioni limeoshwa. Mwenye nalo anaamkia nalo shambani, analima kidogo, kisha analileta na udongo wake mbichi. Mnunuzi hana maswali mengi. Anatazama makali, yakiwa yanang'aa analichukua. Miaka yote hiyo Longinus aliwaona akiwa hapa hapa kaunta, akawacheka, ati wanauza matope.

Basi, mwaka huo dirisha likafunguliwa, soko likadoda. Misimu iliyotangulia timu kubwa zilinunua kwa pupa, zikajaza wachezaji hadi wengine hawana pa kukaa. Sasa kila timu inataka iuze kwanza ndipo inunue. Gulio gani hilo, wote wamekuja kuuza?

Longinus alikuwa hashiki chakula kwa ajili ya simu. Wakala wetu, Bwana Sheweji, anapiga kutoka Dar es Salaam: "Mzee wangu, nivumilie. Kijana wanamtaka, ila mpaka wamuuze mshambuliaji wao. Na wanaomtaka mshambuliaji nao wanasubiri wamuuze kipa."

"Na kipa anamsubiri nani?" Longinus akauliza.

"Mzee, hata mimi sijui. Wewe mtunze tu. Akiumia sasa hivi, hata bure hachukuliwi."

Wiki ile ile kijana mmoja wa timu ya jirani, ambaye naye alikuwa anangoja kuuzwa, alivunjika mguu uwanjani. Longinus alishuhudia. Alirudi nyumbani, akaniambia, "Osmundi hachezi tena mpaka auzwe." Nikamwambia, "Baba, si umwache tu acheze?" Akanijibu kwamba biashara siijui.

Kocha wetu wa wakati huo, Haule, alikuja hapa akiwa amefura. "Mwenyekiti, huyu kijana ndiye timu!"

"Ndiyo maana namhifadhi," Longinus akasema.

"Unamhifadhi na nini? Na mpira?"

Kisha akaja Osmundi mwenyewe, akasimama pale mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumapili nacheza?"

"Hapana. Pumzika."

"Sijachoka, mzee."

Longinus akamshika bega. "Najua. Lakini sasa hivi wewe ni mali, mwanangu. Na hata kule kwa mama yako jembe usishike. Ukiteguka mgongo tumekwisha." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mzee." Alikuwa na adabu, na siku ile adabu yake ilimponza.

Longinus akamhamishia chumba chetu cha uani. Akawa anakunywa maziwa na kula nyama, na jioni anauzunguka uwanja kwa kukimbia taratibu, peke yake, asiguswe na mtu. Siku ya mechi anakaa kando ya mwenyekiti, amevaa suti ya michezo mpya, viatu havijaona tope. Mashabiki mwanzoni walimpungia mikono. Timu ilipoanza kufungwa wakaacha kumpungia. Mimi nilimwona anavyotazama mpira ukipita upande wake wa kushoto, mguu wake ukiruka wenyewe chini ya benchi. Niliumia.

Dirisha likafungwa bila Osmundi kuuzwa. Mtu mwingine angemrudisha uwanjani. Longinus akasema, "Lijalo halina mashaka. Tukimtoa sasa akavunjika, nitamwambia nini Tasiana?" Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, ile ahadi ya kigodani. Kadiri alivyoiogopa ndivyo alivyozidi kumbana kijana. Msimu ukaenda hivyo, kijana yuko juu ya boriti, timu inateremka.

Ikafika mechi ya mwisho. Tukifungwa tunashuka daraja. Na siku ile ile Bwana Sheweji akaingia Litembela na mgeni kutoka timu kubwa. Mshambuliaji wao hatimaye alikuwa ameuzwa! Longinus alikaribia kulia. Akawaandalia viti, akataka kumwita kijana waandikiane, lakini yule mgeni akasema kwa upole, "Mzee, sisi hatununui habari. Tunataka kumwona akicheza."

"Atacheza," Longinus akasema, na akamvalisha Osmundi jezi kwa mikono yake mwenyewe.

Wajukuu zangu, sipendi kuisimulia mechi ile. Mpira wa kwanza ulimpita ukatoka nje. Wa pili aliukimbilia, lakini beki alikwisha kuufikia. Alikuwa nyuma kwa nusu hatua, kila mara nusu hatua. Akili ilikuwa ileile, inauona mpira unakokwenda, ila miguu haifiki. Alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, hadi akawa anashika magoti kwa pumzi. Wale watu waliozoea kusimama akipata mpira walisimama, wakaketi, mwishowe wakawa hawasimami tena.

Mgeni akamgeukia Longinus. "Nisamehe, mzee wangu. Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Mara ya mwisho alicheza lini?"

Yule mgeni akampa mkono wa heshima, akaondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Tulifungwa, tukashuka daraja. Osmundi hakumlaumu mtu. Aliikunja ile jezi vizuri, akaja kuiweka hapa juu ya kaunta, akapanda mlima kurudi kwao kwa miguu.

Longinus alikaa siku kadhaa bila kufungua duka. Jumamosi, gulio lilipokuwa linavunjika, akaniambia, "Twende kwa Mama Osmundi." Tukapanda.

Tulimkuta Osmundi shambani na mama yake. Jembe alilokuwa nalo lilikuwa lake la zamani, limeota kutu, udongo unaling'ang'ania, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Tasiana alitusalimu, akaenda kuleta vigoda. Longinus hakukaa.

"Mwanangu," akasema, "mbona unalima na kutu? Njoo dukani nikupe jipya."

Osmundi akajifuta jasho. "Asante, mzee. Hili nililipeleka gulioni asubuhi, nikadhani nitaliuza. Limetundikwa ukutani tangu siku ile uliponikataza kulishika. Walilitazama makali, wakapita."

Kisha akasema bila hasira yoyote, "Na mimi ulinitundika, mzee."

Afadhali angefoka! Mume wangu akamgeukia Tasiana. "Mama Osmundi, nilikuambia nisipomfikisha unidai. Nimekuja. Nidai."

Tasiana akamtazama. "Nikudai nini, baba? Miguu ya mwanangu utaitoa duka gani?"

Longinus akalichukua lile jembe mikononi mwa kijana, akavua koti, akaanza kulima, na viatu vyake vya dukani miguuni. Mtu ambaye tangu nimeolewa naye hakuwahi kulima tuta moja! Alilima huku machozi yanamtoka, na kila alipolishusha jembe alisema, "La kuuza, lima nalo. Jembe la kuuza, Longinus, lima nalo." Alikuwa anajisemesha mwenyewe. Sisi tulisimama tu. Alipoacha, giza lilikuwa linakaribia, na ukingoni mwa lile jembe kulikuwa na mng'ao mwembamba. Akalifuta kwa kiganja, akamrudishia Osmundi kwa mikono miwili.

Tasiana ndiye aliyeyateremsha maneno hayo gulioni, si kwa kumsengenya, la, kwa majonzi tu. Wanawake wakayachukua, yakazoeleka, leo mnayasema bila kujua yalitoka kwenye kifua cha nani.

Osmundi alirudi uwanjani, huko daraja la chini tulikoangukia. Alicheza miaka mingi, akatupa raha nyingi, lakini ile nusu hatua haikurudi yote, na timu kubwa haikuja tena. Longinus naye hakusema tena kwamba mali ya kuuza haichezewi. Hata leo, anayetaka jembe hapa kwangu hulijaribu kwanza pale uani. Aliniusia hivyo kabla hajafa, nami sitabadilisha.

Mnataka kuniuliza Osmundi yuko wapi. Naona midomo inawawasha. Jana mlikuwa naye. Ninyi mnamwita Mwalimu Kapinga, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake la ubatizo. Kanisius alipomwomba akae benchi, yeye alisema neno lake moja, akageuka akaenda zake. Mlidhani ni dharau. Hakutaka mumwone uso.

Basi, Kanisius, simama mwanangu. Nenda kamwambie Jumapili unacheza. Ukiumia, tutakuuguza, tuko wengi. Ila usikubali kutundikwa, hata na mtu anayekupenda.

Jembe la kuuza, lima nalo.