Kiboko Aliyeshikilia Rekodi za Wenzake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa mikanda na kwenda kazini, walikuwa na ghala la ushirika lenye kompyuta kila meza. Hata punje haikutoka ghalani mpaka kompyuta ikubali. Sheria hiyo aliitunga Kiboko, meneja, na aliipenda kuliko alivyompenda mkewe.

Sasa, rekodi ya mwanachama ilikuwa kama bomba la mtaani: anachota mmoja, wengine wanangoja. Na nyinyi mnawajua wale wanaotanguliza ndoo bombani alfajiri, kisha wanarudi kulala. Kiboko ndivyo alivyokuwa. Asubuhi anafungua rekodi za wanachama wenzake wote kwenye kompyuta yake, asije mtu akazigusa kabla yake. Halafu anafunga ofisi, anavaa ufunguo shingoni, na huyo bwawani. Chubwi!

Siku moja mawingu yalikuwa yamekwishatanda, Mama Digidigi akaja kwa Kindi, karani wa dirishani.

"Nipe mbegu zangu za kunde, mwanangu. Mvua hii ikinipita, watoto watakula nini? Maneno yako?"

Kindi akabonyeza, ta-ta-ta. Kioo kikaandika: rekodi hii inashikiliwa na Kiboko.

Akaitwa Faru, fundi. Faru akaizima kompyuta, akaiwasha. Kioo kikaandika yale yale. Akaipiga teke, puu.

"Ni nyaya," akasema.

"Nyaya zinaitwa Kiboko?"

"Wewe karani, mambo ya nyaya utayajulia wapi?" Akaenda zake kunywa chai.

Kindi akakimbia bwawani. "Mzee, achia rekodi ya Mama Digidigi. Anataka kupanda leo."

"Niko kazini," akasema Kiboko. "Jina langu si liko pale kwenye kioo?"

"Jina liko kazini, Mzee. Mwili ndio umelowa."

"Nikimaliza nitaachia." Akazama, bul-bul-bul.

Kindi akarudi mezani akiwaza. Kiboko alikuwa ameshikilia rekodi za wote isipokuwa moja: yake mwenyewe. Nani angethubutu kuigusa? Kindi akaifungua, akaiacha wazi, akakaa anachana mkia wake.

Adhuhuri Kiboko akaja dirishani, tumbo likinguruma kama lori linalopanda mlima.

"Majani yangu."

"Rekodi yako inashikiliwa, Mzee."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi achia."

"Nikimaliza nitaachia. Nahudumia kwa foleni, na Mama Digidigi yuko mbele yako."

"Mruke."

"Kumruka mwenzako kwenye foleni? Na wewe ni meneja? Nimalize ya kwake, kisha yako. Na ya kwake unayo wewe."

Kiboko akafikiri. Kazi hiyo hakuizoea, hata masikio yalitikisika. "Kwa hiyo mimi nakungoja wewe..."

"Na mimi nakungoja wewe. Tunaweza kungojana mpaka tuote ukoka. Mimi lakini nimeshakula karanga zangu."

"Nipe hayo majani bila kompyuta, mtoto wewe."

"Hata punje, Mzee. Sheria hiyo ulituimbisha wewe."

Mama Digidigi akaangua kicheko, na foleni nzima nyuma yake. Radi ikapiga, ngurumo ikafuata. Kiboko akauvua ufunguo, akaenda ofisini akiburuza miguu, akaziachia rekodi moja moja, mpaka ya mwisho.

Kindi akabonyeza, ta-ta-ta. Mama Digidigi akabeba mbegu zake, akakimbia shambani na matone ya kwanza yakimdondokea mgongoni. Ndipo Kiboko akapewa majani yake, akayala pale pale amesimama, bila kumtazama mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na neno lake ni moja: anayeshikilia asichokitumia huwafundisha wenzake kushikilia anachokihitaji.